Mpe Kijana Mpira, Halafu Iweje?

Katika semina za amani kuna hoja moja ambayo ni nadra kumpata wa kuipinga. Vijana wa kiume, inasemwa, wana nguvu nyingi na damu inayochemka. Wakikosa pa kuzipeleka nguvu hizo, watazipeleka msituni. Basi wapeni mpira. Wapeni glavu za ndondi, uwanja, jezi na kocha, wazimalize huko, jioni warudi nyumbani wamechoka na wametulia. Hoja hii ina kila sifa ya kupendwa. Haimkasirishi mtu, haigusi ardhi wala madini wala mipaka, na picha zake hutoka vizuri: mgeni rasmi anapiga mkwaju wa kwanza, watoto wanashangilia, gari la mradi linaondoka.

Mimi ni mpenzi wa michezo na ningefurahi hoja hiyo ikiwa kweli. Tatizo ni kwamba inamchukulia binadamu kama birika: mvuke unajaa, kifuniko kisipofunguliwa linalipuka. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa tabia za wanyama kutoka Austria, aliipa picha hiyo heshima ya kitaaluma mwaka 1963 alipoandika kwamba ukali ni silika inayojijaza yenyewe, na kwamba michezo ni njia salama ya kuumwaga. Miaka kumi baadaye mwanaanthropolojia Richard Sipes wa Marekani akaamua kuipima. Kama michezo ya mapambano kweli inapunguza ukali, alifikiri, basi jamii zinazopigana sana zitakuwa na michezo michache ya aina hiyo, na jamii tulivu zitakuwa nayo kwa wingi. Akachagua jamii 20, nusu za vita na nusu za amani. Kati ya zile 10 za vita, 9 zilikuwa na michezo ya mapambano. Kati ya 10 za amani, 2 tu. Jamii 20 ni chache, na mtu anaweza kubishana naye kuhusu alivyozichagua, lakini mwelekeo wa matokeo ulikuwa kinyume kabisa na alivyotabiri Lorenz. Mieleka na vita vilikuwa vinalelewa katika nyumba moja.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman alilifuata birika lenyewe. Aliwakusanya wanafunzi 600 wa chuo kikuu na kuwaudhi kwa kuwafanya waamini kwamba mwenzao ameiponda vibaya insha waliyoandika. Kisha akawagawa. Wengine walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria yule aliyewaudhi, wengine walipiga huku wakifikiria afya ya miili yao, na wengine waliketi tu kimya kwa dakika chache. Baadaye wote walipewa nafasi ya kumlipiza yule mtu kwa kumpigia kelele kali masikioni. Waliopiga mfuko huku wakimfikiria adui ndio waliobaki na hasira kubwa na ndio waliolipiza kwa ukali zaidi. Waliolipiza kwa kiasi kidogo kuliko wote ni wale walioketi bila kufanya chochote.

Hayo ni mambo ya maabara huko Marekani, na msomaji ana haki ya kuuliza yanatuhusu nini. Kwa bahati mbaya, sisi wa Maziwa Makuu tuna ushahidi wetu, na ni mzito kuliko mfuko wa ndondi.

Interahamwe, kundi la wanamgambo wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, haikuanza na mapanga. Waliochunguza historia yake wanaifuatilia hadi kwenye klabu za soka na makundi ya mashabiki ya Kigali, yaliyopata ufadhili wa vigogo wa chama tawala, MRND, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vyama vingi vilikuwa vimerudi na chama kilihitaji vijana wa kujaza mikutano na kuwatisha wapinzani. Vijana wa soka walikuwa tayari: wana jezi, wana nyimbo, wana viongozi wanaowatii, wanajua kukusanyika haraka na kusafiri pamoja. Kilichobaki ni kubadilishiwa kazi. Wakapewa mafunzo ya kijeshi, na mwaka 1994 tuliona walichotumwa kufanya.

Wakati huohuo kule Yugoslavia mambo yalikwenda kwa namna inayofanana kiasi cha kutia hofu. Mei 13, 1990, mechi ya Dinamo Zagreb na Red Star Belgrade katika uwanja wa Maksimir ilivunjika kwa ghasia za mashabiki. Kiongozi wa mashabiki wa Red Star alikuwa mhalifu maarufu, Željko Ražnatović, aliyejulikana kwa jina la Arkan. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha kikosi chake cha wapiganaji wa kujitolea, na wengi aliowachukua walitoka kwenye jukwaa la mashabiki hao. Vijana hao wakafika Vukovar, Croatia, mwaka 1991 na Bijeljina, Bosnia, mwaka 1992, ambako waliua raia. Hakuna anayeweza kusema kwamba hawa walikosa michezo ya kuwatolea mvuke. Michezo ndiyo iliyowakusanya.

Ninachokiona katika visa hivi viwili ni jambo ambalo mpangaji wa vita analijua na mwandishi wa andiko la mradi analisahau. Kazi ngumu ya kwanza kwa anayetafuta wapiganaji ni kuwapata vijana wengi mahali pamoja, wenye afya, waliozoea kuamka alfajiri, wanaoaminiana na kumsikiliza mtu mmoja. Timu ya mpira imeshaimaliza kazi hiyo kabla hajafika.

Burundi ilitupa mfano mwingine, wa mtu mmoja. Pierre Nkurunziza alisomea elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Burundi, akafundisha, akawa kocha wa timu za ligi. Kama kuna kijana wa Kiafrika aliyekuwa na pa kupelekea nguvu zake, ni huyu. Lakini baba yake alikuwa ameuawa katika mauaji ya 1972, na mwaka 1995, baada ya wanafunzi wa Kihutu kushambuliwa chuoni, aliingia msituni akajiunga na waasi wa CNDD-FDD. Alitoka huko akawa rais mwaka 2005, akaunda timu yake, Haleluya FC, akazunguka nayo nchi nzima pamoja na kwaya. Mwaka 2018 vyombo vya habari viliripoti kwamba viongozi wawili wa tarafa ya Kiremba walikamatwa kwa tuhuma za kula njama dhidi ya rais, kwa sababu katika mechi huko wachezaji wa upande wa pili, baadhi yao wakimbizi wa Congo ambao hawakumjua, walimkaba kwa nguvu na kumwangusha mara kadhaa. Unaweza kucheka, na wengi tulicheka. Waliofungwa hawakucheka.

Turudi kwenye swali ambalo hoja ya birika inalirukia: kijana anaingia msituni kwa nini hasa? Mashariki ya Congo swali hilo limechunguzwa kwa makini. Gauthier Marchais, Raúl Sánchez de la Sierra na wenzao wamehoji kaya nyingi za Kivu kuhusu nani alijiunga na kikundi chenye silaha, lini, na baada ya tukio gani. Walichokipata ni kwamba wanaume ambao ndugu zao walishambuliwa na makundi ya kigeni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujiunga na wanamgambo wa kwao. Kundi la Raia Mutomboki la Shabunda liliibuka hivyo, wanavijiji wakijibu mauaji ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, kwa mapanga na mikuki, kisha kwa bunduki walizoteka. Mtu aliyechomewa nyumba hatafuti pa kutolea nguvu. Anatafuta bunduki, au anatafuta mtu mwenye bunduki atakayelala upande wake wa barabara.

Na mara nyingine ni dola yenyewe inayomwita. Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliwataka vijana wa Congo wajiandikishe jeshini na wajipange katika makundi ya kulinda mitaa yao dhidi ya waasi wa M23. Leo makundi hayo tunayaita Wazalendo. Kijana wa Goma aliyeitikia wito huo alikuwa anamtii rais wake kupitia redio, na yule aliyechukuliwa na M23 kwa nguvu hakuulizwa kabisa. Katika hali zote mbili sioni mvuke wala kifuniko.

Nikifika hapa, rafiki zangu wanaofanya kazi kwenye mashirika huniuliza kama nataka viwanja vifungwe. Hapana. Nataka tujue mchezo unafanya kazi gani, ili tuache kuupa kazi isiyo yake. Na mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ya mchezo kuchukua nafasi ya mauaji unatoka Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, na aliyekuwa anauawa ni simba.

Kwa morani wa Kimaasai wa ukanda wa Amboseli, kuua simba kwa mkuki, olamayio, kulikuwa njia ya kupata jina. Aliyechoma mkuki wa kwanza alijulikana kwa wenzake wa rika, kwa wazee, na kwa wasichana. Zama za mababu simba walikuwa wengi na wamorani wachache, hesabu ikaenda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba wa eneo hilo walikuwa wanaelekea kwisha. Sheria ilikuwepo siku zote, na siku zote ilipuuzwa. Mwaka 2008 wazee walezi wa wamorani walikaa na watu wa uhifadhi wakatafuta namna ya kuiondoa olamayio katika malezi ya rika jipya, na Desemba 2012 Kimana ikashuhudia Olimpiki ya kwanza ya Wamaasai, chini ya shirika la Big Life, mlezi wake akiwa David Rudisha, bingwa wa dunia wa mita 800, ambaye mwenyewe ni Mmaasai.

Angalia walichokichagua. Mbio za mita 200, 800 na 5,000. Kurusha mkuki. Kurusha rungu, tena kwa shabaha. Kuruka juu, ambako mwanariadha harukii mgongo kama wa Ulaya. Anaruka wima, kama wanavyoruka wamorani katika ngoma, akijaribu kugusa kamba kwa kichwa. Wanaoshindana ni manyatta, yaani kambi ya wamorani, dhidi ya manyatta, na manyatta iliyoshinda inapata dume la ng'ombe la mbegu. Wasichana nao wana mbio zao. Kila kitu ambacho olamayio ilikuwa inakipima, yaani kasi, shabaha, pumzi, ushujaa mbele ya macho ya watu, kimepewa mahali pa kupimwa. Hakuna aliyewaambia wamorani kwamba wana hasira wakazimalize uwanjani. Waliambiwa kwamba jina lao sasa litapatikana hapa, na waliowaambia hivyo ni watu wenye mamlaka ya kusema: wazee wa rika lao.

Nakaa kwenye mfano huu kwa sababu watu wengi wanauelezea nusu. Olimpiki ile haikusimama peke yake. Tangu mwaka 2003 ranchi ya Mbirikani ilikuwa na mfuko wa kuwalipa wafugaji ambao ng'ombe wao wameliwa na simba au chui. Mfuko huo una meno: mtu mmoja akiua simba, majirani zake wote wanapoteza fidia ya kipindi hicho. Kwa hiyo morani anayetamani kwenda kuwinda anakutana kwanza na mjomba wake anayedai pesa ya ng'ombe. Pia kuna askari wa wanyamapori walioajiriwa kutoka vijiji vilevile. Fidia iliondoa sababu ya uchumi, wazee wakaondoa sababu ya mila, michezo ikajaza pengo la heshima. Ukitoa kimoja kati ya hivyo vitatu, sidhani kama kuruka kamba kungetosha kumwokoa hata simba mmoja.

Sasa panda kaskazini hadi Kapenguria. Tegla Loroupe, Mpokot, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York Marathon, mwaka 1994, alianzisha mbio za amani mwaka 2003. Aliwaleta mstari mmoja wamorani wa Pokot, Turkana, Marakwet na Wakaramojong wa ng'ambo ya mpaka, watu ambao kwa kawaida walikutana wakiibiana ng'ombe. Ana jina kubwa, ni mtu wa kwao, ana uvumilivu wa mkimbiaji wa masafa marefu. Kama mbio zingeweza peke yake kumaliza wizi wa mifugo, mbio hizi zingeumaliza. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa walipofuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ya Kenya ilipeleka jeshi pamoja na polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa.

Kwa nini Kimana ifanikiwe na Kapenguria isuesue? Sioni kwamba Loroupe alikosea popote. Simba aliyeuawa hauzwi. Ng'ombe aliyeibwa anauzwa, au analipiwa mahari, na siku hizi wapo wenye malori na wanunuzi mjini wanaosubiri mzigo bila kuuliza umetoka wapi. Halafu kuna bunduki. Tangu ghala la kambi ya Moroto lilipoporwa mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, silaha za kivita zimekuwa mali ya kawaida katika ukanda ule, na jamii moja haiwezi kuweka yake chini kabla ya jirani. Mbio zinaweza kumpa kijana jina. Haziwezi kumpa ng'ombe wa mahari, na haziwezi kumhakikishia kwamba akilala leo bila bunduki ataamka na mifugo yake zizini. Kazi hiyo ni ya Nairobi na Kampala, na Nairobi na Kampala wakati mwingine hufurahi sana kuona mwanariadha ameibeba.

Hata pale mchezo unapofanya kazi yake, una mpaka wake, na mpaka huo umeshapimwa. Salma Mousa, mtafiti wa siasa, alikwenda kaskazini mwa Iraki baada ya kundi la ISIS kufurushwa. Wakristo waliokuwa wamekimbia makwao walikuwa na timu zao za soka za mtaani. Katika ligi alizoziandaa huko Ankawa na Qaraqosh, baadhi ya timu za Wakristo ziliongezewa wachezaji watatu Waislamu kwa kura, na nyingine zikaongezewa Wakristo watatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wakristo waliocheza na Waislamu walikuwa wepesi zaidi kumpigia kura Mwislamu kwa tuzo ya uungwana, kujiandikisha tena kwenye timu mchanganyiko msimu uliofuata, na kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi sita baadaye. Lakini alipoangalia kama wangekwenda kula mgahawani Mosul, mji wa Waislamu wengi, au kupeleka familia zao kwenye hafla ya mchanganyiko, mabadiliko yalikuwa hafifu. Walimwamini Ahmed wanayecheza naye. Waislamu wasiowajua walibaki kuwa Waislamu wasiowajua.

Mimi matokeo hayo yamenipa moyo, sijui msomaji. Urafiki wa watu kumi na wawili wa timu moja ni kitu. Siku wanamgambo wanapozunguka nyumba hadi nyumba wakiuliza nani ni nani, rafiki mmoja wa upande wa pili anayekataa kuonyesha kidole ni uhai wa familia nzima. Tatizo linaanza tunapotaka wale kumi na wawili wawe taifa.

Côte d'Ivoire walijaribu kuwa taifa kupitia mpira, na simulizi yake imerudiwa mpaka imekuwa ngano. Oktoba 8, 2005, baada ya kuifunga Sudan 3-1 mjini Omdurman na kufuzu Kombe la Dunia, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera wakiomba wapiganaji waweke silaha chini. Juni 3, 2007, timu ya taifa ikacheza Bouaké, makao makuu ya waasi, ikaichapa Madagascar 5-0. Husemwa kwamba Drogba alimaliza vita. Kinachosahaulika ni kwamba mkataba wa amani ulikuwa umesainiwa Ouagadougou Machi ya mwaka huohuo. Mechi ilikuja kuusherehekea. Kisha uchaguzi wa 2010 ukaleta marais wawili wanaodai kiti kimoja, na hadi mmoja wao, Laurent Gbagbo, anakamatwa mwaka 2011 watu wapatao 3,000 walikuwa wamekufa. Drogba alikuwa bado anacheza, bado anapendwa kaskazini na kusini.

Liberia walijaribu njia nyingine, na wala hakukuwa na mpira ndani yake. Mjini Monrovia, Chris Blattman na wenzake walifanya kazi na shirika la wenyeji, NEPI, ambalo baadhi ya walezi wake walikuwa wapiganaji wa zamani. Vijana 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na dawa za kulevya, wengi wao wamepitia vita, waligawanywa: wengine walipata wiki nane za mafunzo ya kubadili fikra na tabia, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Mafunzo hayo yalikuwa ya vitendo: kunyoa nywele, kuvaa kistaarabu, kuingia benki na dukani kama mteja, kujizuia unapotukanwa, kupanga matumizi ya kesho. Waliopata mafunzo pamoja na pesa ndio waliobadilika kwa kudumu, na miaka kumi baadaye bado tofauti ilionekana wazi.

Naitaja Monrovia kwa sababu inanisaidia kuelewa kinachotokea kwenye klabu nzuri ya ndondi. Katika Uwanja wa Unité, Goma, kwa miaka mingi kumekuwa na klabu iliyowakusanya watoto wa mitaani, wale ambao Goma inawaita maibobo, na vijana waliotoka kwenye makundi yenye silaha, chini ya kocha ambaye mwenyewe alipigana akiwa mtoto. Ukisoma wanavyojieleza vijana wa klabu za namna hiyo, wachache wanasema kwamba hasira imetoka kwa kupiga mfuko. Wanasema kocha anajua nisipofika. Wanasema hapa hatuvuti. Wanasema nilipotukanwa barabarani nilijizuia kwa sababu bondia anayepigana barabarani anafukuzwa. Hizo ngumi ni kisingizio kizuri cha kumfanya kijana wa miaka 17 akubali kufundishwa kujizuia na mtu mzima anayemheshimu. Ukimwita kwenye semina ya kujizuia hatokei.

Uwanja pekee hauna maadili. Kivu inalijua hilo kwa uchungu. Septemba 14, 2008, kule Butembo, mechi ya Nyuki System na Socozaki ilivurugika baada ya golikipa kutuhumiwa kutumia uchawi. Polisi wakafyatua risasi hewani, watu wakakanyagana, na waliokufa hawakupungua 11. Na Unité yenyewe: M23 waliingia Goma Januari 27, 2025, na siku kumi baadaye waliujaza uwanja ule kwa mkutano wa hadhara, Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wao wa kisiasa, akiwa jukwaani. Mwaka uliotangulia, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Abidjan, wachezaji wa Congo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kichwani mfano wa bastola, wakati wa wimbo wa taifa, ili dunia ione kinachoendelea mashariki. Dunia iliona. Picha zilisambaa wiki nzima.

Kwa hiyo nikiombwa maoni juu ya mradi wa michezo kwa vijana wa maeneo ya vita, sehemu inayoeleza faida za soka naipita haraka. Natafuta mshahara wa kocha: analipwa na nani, kiasi gani, hadi lini. Kocha asiyelipwa ataondoka, au atalipwa na mtu mwingine mwenye mahitaji mengine. Natafuta kama timu ina kazi ya pili inayoonekana na mtaa. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliamua tangu mapema kwamba timu inayosafisha mtaa inaongezewa pointi kwenye msimamo wa ligi, na katika uchafu wa Mathare pointi hizo zilikuwa zinafanyiwa kazi kwelikweli. Vijana wenyewe waliendesha ligi, wakatoa adhabu, wakagawana nafasi za ufadhili wa masomo. Klabu iliyozaliwa humo, Mathare United, ikaja kuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Natafuta pia nani mwenye timu. Mbunge? Mfanyabiashara wa madini? Kanisa? Jibu hilo linaniambia timu itageuka nini uchaguzi ukikaribia.

Na jambo la mwisho ninalolitafuta karibu halimo kamwe. Kila mradi wa michezo hutunza orodha: jina la kijana, umri, mtaa, simu, wakati mwingine uzito na kundi la damu, na kama aliwahi kuwa mpiganaji. Mfadhili anaihitaji kwa ripoti yake. Kamanda anayeingia mji asubuhi akitafuta wapiganaji anaihitaji vilevile, na atajua aende ofisi gani. Kocha wa Goma au Bukavu anayewekewa bunduki mezani na kuombwa daftari hilo ana dakika moja ya kuamua. Mradi uliompa daftari ungepaswa kuwa umemwelekeza tangu mwanzo asiandike nini, alifiche wapi, na alichome lini.